Dosari

Goma, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu.
Mezani kwangu nina pini, kalamu, makasha mawili ya biskuti:
namba nyekundu za wanawake, namba za buluu za wanaume.
Kile kitambaa cha kifuani
tulikipokea kwa Kifaransa, tukakiita dosari.
"Nipe dosari yangu, papa."
"Hii hapa dosari yako, mama. Kimbia salama."
Miaka tisa nawagawia dosari watu wazima na afya zao
wala sikuwahi kulisikia neno lenyewe.

Akaja Asifiwe wa Ndosho,
anayesukuma chukudu ya makaa toka Sake kabla ya jua,
magoti yamechanjwa na lava
kama ya kila aliyejifunza kutembea juu ya moto uliolala.
Nikauliza ninavyowauliza wote: kasha gani?
"Langu halimo hapo, papa Muhindo."
Si kwa ukali. Kama mtu anayekwambia
chenji haijatimia.

Foleni ikaganda.
Kocha Bwira akaja na kitabu, ukurasa umekunjwa sikio:
"Mwanamke ao mwanaume. Mimi sikuandika."
Mchungaji akashika kipaza sauti, akaanza na Adamu;
umeme ukakatika kabla ya ubavu.
Mwuza mandazi akataka kujua kama mbio zipo ao hazipo,
mafuta yake yanapoa.

Masika, nyekundu kumi na nne, akanivuta pembeni.
"Wa tatu analipiwa shule mwaka mzima.
Mwaka jana nilikuwa wa nne, kwa upana wa kidole.
Simchukii. Usiku ule mlima ulipopasuka
tulikimbia tumeshikana mikono, yeye na mimi.
Lakini mama zetu walitukanwa kwa kuvaa kaptula
ili mstari huu uwepo.
Ukifutwa, papa, nani atanirudishia kile kidole?"
Sikuwa na jibu. Sijalipata.

Na mimi ni Muhindo: kwetu Wanande
jina la mtoto anayekuja kugeuza foleni.
Wasichana wanne, kisha mimi,
na nyumba nzima ikapiga vigelegele kwa ajili ya kasha.

Lugha nayo inanicheka.
Nasema amechoka, ameanguka, ameinuka, amefika,
na hakuna anayeniuliza nani.
Ile a- inabeba kila mtu
kama chukudu isiyouliza gunia la nani.
Hata jina: Asifiwe. Asifiwe nani? Jina limenyamaza.
Fomu ndiyo yenye mdomo.
Fomu ina vyumba viwili, na mlango wa sahihi chini.

"Sitaki ada ya Masika," alisema Asifiwe. "Sitaki kombe.
Niandikeni sifuri.
Nataka tu, mtu akisema tayari,
na mimi niwe ninayeambiwa."

Bwira akafunga kitabu kwa kidole ndani yake.
"Mwaka ujao," akasema, "tutakaa, tutazungumza,"
kwa sauti ya mtu anayeijua miaka ijayo ya Goma.

Firimbi: wanawake.
Baada ya dakika tano, firimbi: wanaume.
Vumbi jeusi likatua.
Asifiwe alikuwa bado amesimama mstarini, kifua kitupu.
Nilisimama. Kiti kikaanguka.
"Tayari," nikasema, bila firimbi, kwa sauti yangu hii mbaya.

Masika alifika wa tatu.
Akapiga magoti, akalibusu jiwe, mdomo ukatoka damu kidogo.
Nilifurahi. Nilifurahi kabisa, niandike hivyo.
Asifiwe alipokata kona nilitazama saa:
thelathini na nane, na sekunde.
Sekunde sikuzisoma. Ningezisoma ningeanza kutafuta kasha.

Jioni, nikifunga meza, nikahesabu pini.
Zilipungua mbili.
Nikahesabu tena, kisha nikaacha.